Daftari la Meno

9 Februari

Kaka,

Nakusalimu wewe, wifi, na wanao wawili ambao shangazi yao anawajua kwa picha tu. Hapa tupo. Maji ya bomba yanatoka siku moja moja. Mshona nguo wa chumba cha mbele amepata cherehani ya pili, na kuanzia saa mbili asubuhi nyumba nzima inatetemeka. Mimi bado niko dukani kwa dobi: napokea nguo, naandika tikiti, nabandika namba. Wiki iliyopita mtu alileta suti yenye damu kwenye kola, akasema ni juisi. Nikaandika "doa", nikampa tarehe ya kuichukua.

Baba yuko vilevile. Tangu apooze mwezi wa Novemba, upande wa kulia haujarudi na kauli haijarudi. Akili anayo yote. Tumetengeneza lugha yetu: naweka vidole vyangu katika mkono wake wa kushoto, akibana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Nilimjaribu kwa maswali ishirini ambayo majibu yake nayajua. Hakukosa hata moja.

Ninachokuandikia ni kinywa chake. Chakula kinajificha kwenye shavu la kulia na yeye hana habari nacho. Dawa ya presha inamkausha mate. Unamjua Baba na meno yake. Miaka sabini na nne, meno thelathini na mawili, na hakuna mgeni aliyewahi kutoka nyumbani kwetu bila kuonyeshwa yote. Sasa kinywa kinanuka mpaka mshona nguo, anayemwangalia nikiwa kazini, amehamishia kiti chake mlangoni.

Nilipokuwa natafuta kadi yake ya kliniki kwenye sanduku la bati, nililikuta lile daftari lenye jalada jekundu. Unalikumbuka. Kila asubuhi tulisimama kwenye kizingiti, yeye anasema "Meno!", sisi tunafungua vinywa, yeye anachungulia na kuandika. Kurasa kama sitini za mwisho hazijaandikwa kitu.

Wewe ni msaidizi wa daktari wa meno mwaka wa kumi na nne sasa. Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtu asiyejua lolote: jino linaozaje? Na hili hasa: shimo huchukua muda gani mpaka litokee?

Simu usipige kwa mshona nguo. Nataka maandishi.

Mdogo wako


27 Februari

Shavu wangu,

Barua yako imenikuta kazini, nikaisoma nimevaa glavu, ndiyo maana bahasha yako imeishia kwenye ndoo ya taka za sindano. Sisi hatujambo. Wifi yako anakohoa kidogo lakini kwa kugomba hajapungukiwa. Mkubwa kaongoza darasa. Mdogo kaongoza kwa utundu.

Pole kwa kazi ya Baba. Ningekuja, lakini daktari amesafiri na tupo wawili tu, na mwezi ujao kuna ukaguzi. Unajua mambo ya kazi.

Haya, darasa linaanza, kaa vizuri. Kinywani mna vijidudu vingi, hata kwa mtu msafi. Vinajikusanya juu ya jino kama utando, ule unaouhisi kwa ulimi ukiamka. Ukila kitu kitamu na vyenyewe vinakula. Vikishashiba vinatoa tindikali, na tindikali ndiyo inayolegeza ngozi ngumu ya jino. Mate yanakuja kuisafisha na kurudisha madini yaliyopotea, lakini yanataka muda, nusu saa, saa nzima hivi. Kwa hiyo hatari siyo wingi wa sukari peke yake. Ni mara ngapi. Mtu anayekula keki nzima mara moja akapiga mswaki ana nafuu kuliko anayelamba kijiko kimoja kila saa, maana yule wa kijiko hayapi mate nafasi. Asiye na mate, kama Baba, ndiyo balaa kabisa.

Shimo halitokei ghafla. Kwanza huwa doa jeupe, kama limepakwa chaki, na hapo bado linaweza kurudi kuwa jino zima. Halafu linageuka kahawia, halafu ndipo linatoboka. Kwa kawaida ni miezi mingi, hata mwaka au miwili. Kwa mzee mwenye fizi zilizopanda na kinywa kikavu linakwenda mbio zaidi.

Ufanye hivi: kila baada ya chakula funga kitambaa safi kwenye kidole, kiloweshe, ufagie shavu la kulia. Mswaki laini asubuhi na jioni, dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya harage, na umgeuze kichwa pembeni asipaliwe. Uji bila sukari. Maji kidogo kidogo mchana kutwa.

Msalimie sana Baba, Mwalimu wetu. Mwambie mwanafunzi wake bado ana meno yote.

Kaka yako


14 Machi

Kaka,

Hapa hatujambo. Mvua zimeanza, nguo hazikauki, wateja wanatukana. Mshona nguo anamsalimu wifi na anauliza kama anavaa bado saizi ile.

Maelezo yako ni mazuri. Nimeyanakili kwenye shajara yangu na nimeyapigia mstari mahali pawili. Wa kwanza ni pale uliposema siyo wingi, ni mara ngapi. Baba alikuwa akipata uji wenye sukari mara tatu kwa siku. Tangu tarehe 8 Machi nampa pia kijiko kimoja cha maziwa mazito ya kopo kila saa ninapokuwepo, na mshona nguo anampa nisipokuwepo. Anayapenda mno. Akisikia kopo linatobolewa anageuza kichwa.

Mstari wa pili ni "miezi mingi, hata mwaka au miwili".

Umeniita Shavu, jina ambalo halijatamkwa na mtu tangu shule. Kwa kuwa umelikumbuka jina, nadhani umekumbuka na lilivyopatikana, lakini nitaandika kila kitu kisichanganywe.

Nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na mmoja. Kopo la maziwa mazito la Mama, aliyekuwa mgonjwa, lilipotea Jumanne. Jumatano asubuhi lilikutwa chini ya kitanda changu, limetobolewa matundu mawili, limefyonzwa mpaka tone la mwisho. Baba akasema "Meno!" Akaona shimo kwenye gego langu la chini kulia. Unaijua imani yake, aliwafundisha hata wale watoto wa watu darasani: jino la mwongo hutoboka. Akasema ushahidi umetosha, na kwamba kliniki nitapelekwa siku nitakayosema, "Ni mimi niliyeiba."

Sikusema, kwa kuwa siyo mimi. Jino likavimba. Siku kumi na tisa. Daftari ninalo hapa, nakunukulia ukurasa wangu: "Tarehe 3, shavu limejaa. Bado hajasema." "Tarehe 9, hali chakula. Bado hajasema." "Tarehe 14, homa. Bado hajasema." Tarehe 20 usaha ulijitafutia njia wenyewe chini ya taya, ndipo Mama akainuka kitandani akanibeba. Kovu unalijua. Linafanana na kitovu kilichokosea mahali. Fundi saa alipokuja kunichumbia, mama yake aliliangalia muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi, na hawakurudi.

Sasa wewe mtaalamu unaandika kwamba shimo huchukua miezi. Kopo la Jumanne haliwezi kutoboa jino la Jumatano. Hiyo umeijua tangu mwaka gani wa kazi yako?

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Usione kimya. Ukaguzi, halafu mdogo kavunjika mkono, halafu mimi mwenyewe malaria. Sasa sote wazima, namshukuru Mungu. Wifi yako anasema saizi imepanda na asiulizwe tena.

Nimetuma kifurushi kwa basi: miswaki laini minne, dawa ya meno mirija sita, pamba, na ile dawa ya kupaka ambayo daktari wangu mwenyewe huwapa wagonjwa wake. Ni nzuri sana, wengine hawaipati. Anza nayo leo hii.

Kuhusu yale maziwa ya kopo, nimechukulia kuwa ni utani wako. Wewe na utani wako wa kununa! Baba ni mzee na hajiwezi.

Mambo ya utoto tuyaache huko utotoni. Watu wazima hawachimbi makaburi. Baba alikuwa mkali kwa sote, hata mimi nilichapwa, na ukali ule ndio uliotufikisha hapa. Tumwombee apone.

Nitajitahidi nije kabla ya mwaka kwisha.

Kaka yako


11 Mei

Kaka,

Salamu kwa wote. Pole ya mkono wa mtoto. Dukani kumeletwa mashine ya kupigia pasi, imechoma mashati matatu siku ya kwanza, bosi akasema ni ya majaribio.

Kifurushi kimefika tarehe 6. Sijakifungua. Kipo juu ya kabati, mahali ambapo Baba anakiona kutoka kitandani. Nimemsomea maandishi ya juu ili ajue kilichomo na kimetoka kwa nani.

Sitanii. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nasimama kwenye kizingiti na kusema "Meno!" Mara ya kwanza aliniangalia kama mtu anayeamshwa. Sasa anafungua. Naandika kwenye daftari lake, kurasa zile tupu, kwa mtindo wake. Nakunukulia:

"2 Machi. Doa jeupe, chonge ya juu kulia, karibu na fizi."

"30 Machi. Madoa sita. La kwanza limekuwa kahawia."

"21 Aprili. Gego la chini kulia limetoboka. Ncha ya kijiti inaingia. Anavuta kichwa. Bado hajasema."

"8 Mei. Mashimo matano. Hataki kutafuna. Bado hajasema."

Usidhani namsema Baba. Baba hawezi kusema.

Mahitaji yake yote ninayatimiza. Amevaa safi, anageuzwa kila baada ya saa mbili, hana kidonda hata kimoja mgongoni. Shuka zake zinapigwa pasi kama za hoteli. Ni kinywa tu. Kinywa kinasubiri mtu aseme. Akisema, saa hiyohiyo nampeleka kliniki. Nikisema nimesema, unanijua.

Mdogo wako


2 Juni

Wewe,

Leo sina salamu. Nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa chooni kazini ili watu wasinione. Hivi una moyo kweli? Yule ni baba yako! Shetani mwenyewe angeona haya. Miaka thelathini na moja umeketi na kovu lako unalilea kama mtoto uliyekosa kuzaa, sasa umepata mtu asiyeweza kujitetea. Ndiyo maana hukuolewa. Siyo kovu, ni roho.

Nimepiga simu kwa mshona nguo, nikaambiwa haupo, na nikasikia sauti yako nyuma yake ikisema "mwambie sipo". Nimemwambia asimpe tena yale maziwa. Ananiambia, "Mbona mzee mwenyewe anayadai?"

Naweza kuandika kwa kliniki ya huko, wakaja kumchukua. Naweza kuja mwenyewe na kukutoa humo ndani. Usinijaribu.

Jipu la jino siyo mchezo. Kwa mzee linaweza kushuka shingoni likaziba pumzi, linaweza kuingia kwenye damu. Anaweza kufa. Nakwambia kama mtu wa kazi hii: anaweza kufa.

Mpeleke. Halafu tutazungumza unachotaka kuzungumza.


15 Juni

Kaka,

Salamu kwa wifi na watoto.

Umeandika kurasa mbili. Umesema Baba anaweza kufa. Umesema sababu ya mimi kutoolewa. Hujaiandikia kliniki, maana hakuna aliyekuja, na hujaja.

"13 Juni. Shavu la kulia limejaa. Homa kidogo. Bado hajasema."

Mdogo wako


24 Juni

Mdogo wangu,

Nilianza barua hii mara nyingi. Hii naituma kabla sijaisoma tena.

Ni mimi. Nililitoboa kwa bikari ya kwenye mkebe wangu wa hesabu, matundu mawili, moja la kunywea na jingine la hewa. Nilikuwa nimejilaza chini ya kitanda changu. Nikasikia viatu vya Baba ukumbini, nikalisukuma kopo kwa mguu, likabingirika mpaka upande wako. Sikukusudia lifike kwako. Lilifika, nikaliacha.

Nilidhani utapigwa fimbo mbili yaishe. Ulipovimba nikasema kesho nitasema. Uliposhikwa na homa nikaona nimechelewa, kwamba nikisema sasa nitaulizwa na siku zote zilizopita. Ulikuwa ukilia upande wako wa chumba na mimi nilijiziba masikio na kukariri majedwali ya kuzidisha. Mwezi uliofuata nilikuwa na mtihani wa kwenda bweni. Nikafaulu.

Uliuliza nimejua tangu mwaka gani. Mwaka wa kwanza, wiki ya pili. Daktari alionyesha doa jeupe kwenye jino la mtoto, akasema hili linahitaji mwaka mzima. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Tangu hapo, kila akiletwa mtoto aliyevimba shavu mimi ndiye ninayemshika kichwa, na siwezi kumwangalia usoni.

Yale niliyoandika kuhusu kutoolewa kwako, yafute.

Nimesema. Mpeleke leo. Na ombi moja, nakupigia magoti: usimsomee Baba barua hii. Ichome. Ananiona mimi kuwa ndiye mtoto wake aliyenyooka. Mwachie hilo, hana kingine.

Kaka yako


10 Julai

Kaka,

Nakusalimu, wifi pia, na wanao. Mvua zimekwisha. Cherehani ya pili ya mshona nguo imekufa, nyumba imetulia.

Barua yako ilifika Jumatano tarehe 2 Julai, saa nne asubuhi. Saa sita tulikuwa kliniki. Nilisema na nikatenda.

Kati ya saa nne na saa sita nilimsomea.

Nilivuta kigoda karibu na kitanda nikasoma yote, pamoja na bikari, pamoja na ombi lako. Nilikuwa nikimwangalia usoni, maana hiyo ndiyo saa niliyoisubiri tangu nina miaka tisa: kumwona Baba akijua. Uso wake haukubadilika. Nikadhani hakusikia, nikasoma upya pale penye kopo. Vilevile. Ndipo nikaweka vidole mkononi mwake nikamwuliza, "Baba, ulijua?"

Alibana mara moja.

Nilitaka kuhakikisha. Nikamwuliza leo ni Jumapili, akabana mara mbili. Nikamwuliza mimi ni mwanao, akabana mara moja. Nikarudia: ulijua kuwa ni yeye? Mara moja. Ulijua siku ileile? Mara moja. Uliniacha siku kumi na tisa ukijua?

Mara moja. Alibana kwa nguvu, kama mtu anayechoka kuulizwa.

Nikamwuliza, ni kwa sababu yeye alikuwa na mtihani? Kwa sababu ni mvulana? Hakubana kabisa. Aligeuza macho kuelekea kwenye kopo la maziwa kando ya kitanda.

Kwa hiyo umejificha miaka thelathini na moja kwa mtu ambaye alikuwa amekuona tangu mwanzo. Na mimi nimeyaozesha meno ya mzee nikimsubiri mtu aseme jambo ambalo mzee mwenyewe alikuwa nalo kifuani. Ningemwuliza mwezi wa Februari, swali moja, angebana. Kati ya yale maswali ishirini, hilo sikuliuliza. Nimeandika hivyo kwenye shajara, tarehe 2 Julai, na sikuwa na la kuongeza.

Kliniki walitoa usaha na kung'oa meno kumi na moja, saba siku ile na manne juzi. Daktari aliuliza, "Mzee huyu anatunzwa na nani?" Nikajibu, "Mimi." Akaangalia shuka iliyopigwa pasi, akaangalia kinywa, kisha akaangalia chini ya taya langu. Akaandika cheti.

Amesema meno ishirini na moja yaliyobaki yanaweza kuokolewa, lakini manane yana madoa meupe, na mwenye kuyaokoa lazima awe hapo kila siku, kila baada ya chakula, bila kukosa.

Duka la dobi limefungua tawi mji mwingine nami nimeomba kwenda. Nahama Jumamosi hii, tarehe 12. Mshona nguo amekubali kumlisha na kumgeuza mpaka Jumapili tarehe 20, zaidi ya hapo amekataa. Kusafisha kinywa amekataa tangu sasa, anasema hawezi ile harufu. Barua hii itachukua siku nane, itakufikia tarehe 18. Basi lako ni siku mbili. Nimehesabu, unawahi, mradi usipate ukaguzi.

Kifurushi chako kipo juu ya kabati, bado kimefungwa. Maelezo ya namna ya kumtunza nimeyabandika ukutani juu ya kitanda, ni barua yako ya tarehe 27 Februari, kwa mwandiko wako: kitambaa kwenye kidole, mswaki laini, punje ya harage, kichwa pembeni. Makopo ya maziwa nimeyatupa, isipokuwa moja ambalo halijatobolewa. Lipo chini ya kitanda changu, utakacholalia wewe.

Daftari nimekuachia mezani. Kurasa arubaini bado ni tupu.

Anwani yangu mpya sitaiandika hapa.

Atakukatalia mwanzoni, atafumba kinywa na kugeukia ukuta. Usimvute taya, linamuuma. Simama kwenye kizingiti, useme "Meno!" kwa sauti ileile aliyokuwa akitusemea.

Atafungua. Nimemzoesha.

Mdogo wako